Miji tisa kwa wiki moja? Mimi dereva nakataa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya likizo, ile iliyotaja miji tisa ya kale ya pwani "ya kutembelea msimu huu", tangu Lamu kule kaskazini hadi Mikindani kule kusini. Makala ilikuwa nzuri na picha zake zilipendeza. Shida ni kwamba wasomaji wenu waliipiga picha kwa simu wakaja nayo kwangu.

Mimi ni dereva wa Coaster ya kukodi hapa Tanga. Nabeba maharusi, misiba, wanafunzi, kina mama wa vikoba, na ikifika Desemba au baada ya Idi nabeba watu wanaotaka kuzunguka pwani. Njia ya Msata kwenda Bagamoyo naijua tangu haina lami. Historia sikuisomea. Nimeisikia kwa waongoza wageni nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha gari nasubiri abiria, kisa kile kile kwa midomo tofauti, hadi sasa namjua anayesema kweli na anayetia chumvi.

Basi makala yenu haijamaliza wiki, nikaitwa nyumba moja huku Ngamiani. Walikuwa na wageni wao kutoka Muscat: bi mkubwa aliyeondoka Tanga akiwa kigoli, wanawe wawili watu wazima, na mkwe wake. Wenyeji nao walitaka kwenda, babu akiwemo. Chai na mahamri vipo mezani, simu inazungushwa kila mtu asome. Yule kijana mdogo wa Muscat ndiye aliyejifanya mwenyekiti wa kikao. Akanisomea: Lamu, Malindi na magofu ya Gede, Mombasa, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Unguja, Kilwa, Mikindani. Muda walionao wiki moja na kidogo.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mnataka kuiona miji hii au mnataka kuipita?"

Akacheka. "Yote mawili, ami."

Hapo ndipo ninapogombana na makala yenu, Mhariri. Kwenye gazeti miji tisa imejipanga kama vituo vya daladala, mtu anadhani atashuka hapa na kupanda pale. Barabarani mambo ni mengine. Tanga hadi Mombasa si mbali, lakini katikati kuna mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, gari langu haliingii Kenya bila kadi ya njano ya bima, na abiria waliojaa Coaster wenye pasipoti za nchi mbili hawamalizi dirishani kwa dakika kumi. Kutoka Mombasa hadi Mokowe, pale gari linapoishia na watu wakapanda boti ya kwenda Lamu, ni siku nzima ya kukaa kwenye siti, na ukishapita Garsen kuna vizuizi vya askari, kwa hiyo saa ya kufika huipangi wewe. Halafu mgeuze, mrudi njia ile ile, mpite Tanga bila kushuka, mteremke hadi Rufiji na Kilwa, kisha Mtwara. Ukiitandaza safari hiyo kwenye kalenda, wiki yote imekwisha na abiria wanachokikumbuka ni vituo vya mafuta.

Najua kuna msomaji atauliza ni dereva gani huyu anayekataa kilomita. Kweli, kilomita ndizo zinazonilisha. Lakini mimi pia ndiye ninayebaki na watu hao wakishachoka, miguu imevimba, mtoto analia, hakuna anayemsemesha mwenzake, na mtu mzima anauliza jana tuliona nini. Watu wa namna hiyo hawakodi tena.

Kwa hiyo nikawaambia waache kuhesabu miji, wahesabu usiku. Mtalala wapi, na hapo mtalala mara ngapi. Mji wa kale wa pwani usipolala humo hujauona. Mchana kuna jua na wauza vinyago. Mji wenyewe unatoka nje baada ya alasiri, barazani, na unaonekana tena alfajiri watu wakitoka msikitini. Wiki moja ina usiku saba. Toeni wa kwanza na wa mwisho kwa ajili ya uchovu, unaobaki mkaugawe kwa miji miwili, ikizidi sana mitatu. Kijana akanitazama kama vile nimemnyang'anya kitu.

Mji wa kwanza kukatwa ulikuwa Lamu, na niliukata kwa sababu naupenda. Lamu iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na watu wameishi humo bila kukatika kwa miaka zaidi ya mia saba. Gari halipiti vichochoroni, mizigo inabebwa na punda, na ngome yake iliyokamilika 1821 bado imekaa katikati ya mji, mbele yake watu wanauziana na kubishana. Lakini Lamu si mji mmoja. Kuna Shela pembeni, kuna magofu ya Takwa kisiwani Manda, na kwa mwenye nafasi kuna Pate na Siyu. Huko kote unakwenda kwa boti, na boti inakwenda kwa maji. Yakipwa unasubiri. Mtu akienda Lamu kwa usiku mmoja ameiona gati tu. Mpelekeni mgeni wenu Lamu siku mnayoweza kukaa hadi muuza maziwa awajue kwa sura.

Lamu ikiondoka, Malindi na Gede zinaondoka nayo, maana ni njia moja. Hapa niseme neno kuhusu Gede, kwa kuwa makala yenu iliipa mstari mmoja tu. Gede iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2024, ndiyo sasa kila mtu anaiuliza. Ni mji uliomezwa na msitu: kuta za matumbawe, mizizi imekumbatia mihrabu, visima vikavu, na kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijra 802, ambao ni 1399. Kinachonishangaza mimi ni kwamba Wareno walikaa Malindi, si mbali na hapo, na hawakuandika habari zake. Mji mzima wenye jumba la kifalme na misikiti, na majirani hawautaji! Waongoza wageni wana maelezo yao, kila mmoja na lake. Na mkienda, chakula kifungeni vizuri. Tumbili wa pale hawaombi ndizi, wanachukua.

Ugomvi wenyewe ulikuja kwenye Mombasa. Bi mkubwa aliweka kikombe chini akasema, "Dereva, ngome ile wazee wetu wameimwagia damu. Huwezi kunifutia Mombasa." Na hakukosea. Fort Jesus waliianza Wareno mwaka 1593, na Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, watu ndani wakifa kwa njaa na maradhi kabla hata ya risasi. Ndani ya ngome hiyo leo kuna nyumba ya Waomani yenye mapambo na vyombo vya kwao. Babu naye, ambaye hakuwa amesema lolote, akasema yeye aliipita ngome ile ujanani ikiwa bado jela, na ilikuwa jela kweli hadi 1958, kwa hiyo hana hamu ya kurudi kulipa kiingilio. Nyumba nzima ikacheka, lakini bi mkubwa hakucheka.

Nikamwambia, "Bi mkubwa, kama unafuata nyayo za wazee wako, Mombasa wamekutangulia watu wengi. Twende Kilwa. Kule kisiwani kuna ngome inaitwa Gereza. Wareno walijenga yao pale mwaka 1505, wakaiacha baada ya miaka michache, na Waomani wakaja kujenga juu yake karne tatu baadaye. Iko ufukweni, mlango wake bado unasimulia." Akakaa kimya muda, akauliza Kilwa ni mbali kiasi gani. Nilipomwambia akashika kichwa. Lakini hakusema hapana.

Mnaona, Mhariri, hapo ndipo orodha inapokuwa safari. Watu hawa walikuwa na jambo lao la kufuata. Mwingine atafuata njia ya misafara na biashara ya watumwa, huyo atalala Bagamoyo na Kilwa Kivinje na ataishia Unguja, kwenye kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Mwingine anafuata vita vya kumpinga Mjerumani, huyo Pangani hawezi kuiruka. Mwingine anataka misikiti ya kale, huyo nitamwambia apunguze vichochoro vya Mji Mkongwe aende Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka wa Hijra 500, yaani 1107, na swala bado inaswaliwa humo. Ukimpa kila mmoja wa hawa orodha ile ile ya miji tisa, umewachosha wote watatu bure.

Unguja ilikatwa nusu. Wale vijana walikuwa wamezoea kwenda, na Beit al-Ajaib waliyoitamani, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake kubwa Desemba 25, 2020. Mkwe alisema yeye hataki kupigwa picha mbele ya mabati ya mafundi. Kwa kuwa ndege yao ya kurudi ilikuwa inaondokea Dar es Salaam, wakakubaliana kwamba siku za mwisho watavuka kwa boti bila mimi. Mikindani ilikatwa bila kelele. Ni mji mzuri na mpole, Livingstone alianzia pale safari yake ya mwisho mwaka 1866, na boma ya Mjerumani imetengenezwa ikawa hoteli, lakini anayekwenda Mikindani apange kusini peke yake, pamoja na Lindi, na asiwe na haraka.

Pangani na Tongoni nilizifanya siku ya mchana tu, kwa kuwa ni nyumbani. Na hapa niwaseme kidogo watu wa Tanga wenzangu. Tongoni iko jirani kabisa, njia ile ile ya Pangani. Kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine ya minara, mengi kuliko utakavyoyakuta mahali pamoja kwenye pwani hii. Kati ya wenyeji waliopanda gari langu siku ile, aliyewahi kushuka pale alikuwa babu peke yake. Wengine walikuwa wanakiona kibao tu wakienda kwenye maharusi Pangani. Tuko tayari kusafiri hadi Bagamoyo kutazama kaburi la mnara na la kwetu hatujalitazama.

Pangani yenyewe tulishuka, tukatembea barabara ya mtoni, tukanunua samaki. Mwongozaji akawaeleza Abushiri bin Salim, aliyewainua watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapo Pangani Desemba 1889. Bi mkubwa aliuliza kaburi liko wapi, akatazama mto, akasema mji umechakaa kuliko alivyouacha. Ni kweli umechakaa. Nyumba za mawe zinaanguka huku miembe imeota ndani.

Kesho yake tukapita Muheza, Segera, tukakata kushoto Msata, lami tupu hadi Bagamoyo, na hapo tukalala. Bagamoyo nawajua wanafunzi wanavyoonyeshwa: wanashushwa Kaole, wanashushwa misheni, wanapiga picha, saa tisa walimu wananiambia geuza. Wanarudi na majina: misheni ya Wakatoliki ya 1868, mwili wa Livingstone uliopitishwa hapo 1874, makao makuu ya Wajerumani kabla ya kuhamia Dar es Salaam 1891. Yote sawa. Lakini hawaioni Bagamoyo jioni, mashua zinapoingia na mnada wa samaki kuanza, watu wanatoka vyumbani na madumu, watoto wanacheza mpira mchangani. Nilimwona yule kijana mwenyekiti amekaa juu ya jahazi bovu anakula pweza kwa kijiti, simu iko mfukoni. Kaole tulikwenda asubuhi kabla ya jua kali, magofu ya tangu karne ya 13, na babu akapumzika kwenye kivuli cha mbuyu.

Sasa Kilwa. Tulitoka Bagamoyo usiku wa manane ili tuipite Mbagala kabla haijaamka. Ukishaiacha Mbagala, njia inafunguka. Kwenye daraja la Mkapa, Rufiji, nilisimama wanyooshe miguu, nikawaeleza kwamba kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003 mabasi ya kusini yalivuka kwa pantoni na abiria wakalala njiani. Baadaye Somanga, kisha Nangurukuru, tunakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Barabara hii inataka heshima. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yakaikata Somanga, kusini kukatengwa na Dar es Salaam. Makala yenu haikugusia majira hata kwa neno moja. Mtu wa kusini asipange safari Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti njia ni kavu lakini kusi inavuma, na anayetaka kuvuka bahari kwenda kwenye magofu ya kisiwa cha Songo Mnara ajue boti itamrusha. Mimi nawapeleka watu Septemba na Oktoba, au Desemba kabla ya mwaka mpya.

Masoko unachukua kibali kwanza, halafu boti. Kisiwa, yaani Kilwa Kisiwani, kiko pale pale, unakiona, safari ya kuvuka ni fupi. Bi mkubwa alivuka ameshika mkono wa mwanawe anasoma dua. Cha kwanza kinachokupokea ni hilo Gereza nililomwahidi, limesimama kwenye maji na nusu moja imeliwa na bahari. Akaweka kiganja ukutani, akakaa hapo kidogo, tukamwacha.

Kisha Msikiti Mkuu. Mimi si mtu wa kusifia mawe, lakini pale hata vijana wanashusha sauti. Ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 chini ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, na kuba zake nyingine bado zimekaa juu ya nguzo. Ni siku ambazo dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipita hapa kabla ya kwenda Uarabuni na Bara Hindi, na Kilwa ikapiga sarafu zake yenyewe. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji, akamsifu zaidi Sultani huyo kwa ukarimu, hata akaeleza kuwa watu walimwita Abul-Mawahib. Mwongozaji wetu, mtoto wa pale pale Kisiwani, alitusimulia kisa alichokiandika Ibn Battuta. Siku ya Ijumaa, Sultani ametoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemen akamzuia njiani, akamwambia nipe nguo hizo ulizovaa. Sultani akarudi ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakastaajabu. Mwanawe akaona si vizuri nguo za baba kuvaliwa na fakiri, akazikomboa kwa kumpa yule mtu watumwa kumi. Na Sultani aliposikia watu wamesifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wageni walikuwa wanacheka hadi pale penye nguo. Kwenye watumwa kicheko kikakatika. Binti mmoja wa wenyeji, mwanafunzi wa chuo, akasema, "Kwa hiyo ukarimu wenyewe ulikuwa wa watu." Mwongozaji hakumbishia. Akasema hayo ndiyo yameandikwa, akatupeleka kwenye kivuli. Njiani kurudi bado walikuwa wanabishana, mkwe akisema zama zile ndivyo dunia ilivyokuwa, binti akisema waliokuwa wanagawiwa nao walikuwa kwenye zama zile zile. Mabishano hayo huyapati kwa kupita mji kwa dakika ishirini.

Husuni Kubwa iko mbali na magofu mengine, juu ya mwamba, na kuna mwendo wa jua. Hapo nusu ya abiria walibaki. Walioenda waliliona birika la kuogea la pembe nane, vyumba na nyua, ngazi za kushukia baharini. Kasri la Sultani yule yule, nalo inasemekana halikukamilika. Waliobaki chini walikaa na kina mama wa kijiji wanaosuka ukili, maana Kisiwani watu wanaishi, si magofu peke yake. Niliporudi nikamkuta bi mkubwa amekwishajua bei ya ukili Masoko, nani anawalalia, na mkeka wa msala unachukua siku ngapi. Alinunua misala miwili kwa bei waliyomtajia, bila kupunguziwa, na mwanawe alipotaka kusema kitu akamkazia macho.

Hayo yote yalikuwa siku moja. Kama tungekuwa na usiku mmoja tu tungegeuza hapo hapo. Kwa kuwa tulikuwa tumelipia zaidi, kesho yake tukaenda Kilwa Kivinje taratibu. Wengi wanachanganya Kilwa hizi. Kisiwani ndiko kwenye mji wa dhahabu uliovamiwa na Wareno 1505. Kivinje ni mji wa karne ya 19, uliotajirika kwa pembe na kwa watumwa walioletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, halafu Mjerumani akauweka chini ya boma lake, na wakati wa Maji Maji wazee wa huku walinyongwa. Masoko ndiyo ya leo, yenye ofisi na nyumba za kulala wageni. Kivinje hakuna kiingilio cha maana wala kibao kikubwa, kuna nyumba za mawe zilizopasuka, soko, na wazee wanaocheza bao ambao wakikupenda wanakuonyesha. Babu alikaa nao hadi nikapiga honi. Kwangu mimi, mtu akiniuliza achague nini kati ya Kivinje na Songo Mnara kwa siku ya pili, namwambia Kivinje. Songo Mnara ni nzuri, lakini ni mwendo wa boti na kukanyaga maji ya mikoko, na mtu aliyekwisha kuona magofu jana anahitaji kuona watu leo.

Hii ndiyo kanuni yangu ya kuchagua, kama mtu anaitaka: mji mmoja uliokufa na mmoja ulio hai, basi. Gede na Lamu. Kaole na Bagamoyo. Kisiwani na Kivinje. Ukiweka magofu matatu mfululizo, kwenye la tatu watu hawashuki kwenye gari.

Sasa ombi langu kwenu mnaoandika. Makala ilitaja hoteli ambazo abiria wangu hawawezi kulala hata wakichangishana. Haikutaja kwamba vituo vingi vina bei tatu dirishani, ya raia, ya watu wa Afrika Mashariki na ya mgeni, na kwamba kinachotazamwa ni kitambulisho, si lafudhi. Bi mkubwa anaongea Kiswahili safi kuliko karani wa dirishani, lakini pasipoti yake ni ya Oman, akalipa ya mgeni. Sawa, ndiyo taratibu. Lakini kwenye kituo kimoja nisichotaka kukitaja, shangazi yake wa Tanga aliyesahau kitambulisho nyumbani naye alitozwa ya mgeni, ikabidi tubishane nusu saa juani. Andikeni: beba kitambulisho. Andikeni pia wapi kuna choo, wapi mtu wa fimbo anaweza kufika na wapi hawezi, Ijumaa mahali gani panafungwa saa ngapi, na mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kwa watoto kitapatikana wapi. Andikeni tarehe za bamvua kama mnazo, maana boti nyingi za pwani hii zinategemea hizo kuliko saa ya mkononi. Picha za machweo tunazo za kutosha.

Na walimu wakuu, mkinipigia simu kwa ajili ya Bagamoyo, ombeni usiku mmoja kwa wazazi. Watoto wanalala sakafuni bila shida, bweni la shule likipatikana. Gharama inayoongezeka ni chakula na posho yangu, nayo nitapunguza.

Kuhusu Desemba, Coaster nyingi za hapa Tanga hukamatwa mapema na maharusi, hasa Jumamosi na Jumapili. Anayetaka kwenda Kilwa aulizie kabla ya Novemba kwisha, na aje na mji mmoja au miwili, hiyo mingine tutaizungumza akirudi.

Wako,
Dereva wa Coaster,
Ngamiani, Tanga